Kosa la Kukutwa: Miaka Mia ya Kuwafukuza Maskini Mwanza

Katika jiji la Mwanza mtu anaweza kulala mahabusu bila kuiba, bila kupigana na bila kumtukana yeyote. Inatosha akutwe usiku wa manane kwenye baraza la duka pale Makoroboi, au kando ya stendi, akiwa hana kazi ya kueleweka wala jibu la kumridhisha askari anayemuuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Ataingizwa kwenye difenda, na kesho yake hati ya mashtaka itasema uzururaji. Kama alikuwa amenyoosha mkono kuomba, kosa lake nalo limo humo humo, katika kifungu kile kile.

Kifungu chenyewe ni cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kikifuatiwa na cha 177. Cha kwanza kinamgusa anayezunguka au kukaa mahali pa wazi ili aombe sadaka, anayemtuma mtoto akaombe, na mwenye nguvu zake asiyeonekana ana kazi wala njia ya kujipatia riziki. Cha pili kinamgusa anayeshukiwa kuwa mwizi na ambaye hawezi kujieleza vizuri, pamoja na yule anayekutwa barabarani au karibu na jengo katika saa na hali inayomfanya adhaniwe kuwa ana nia mbaya. Msomaji akivipitia vifungu hivyo kwa utulivu ataona kuwa mtu anaweza kutiwa hatiani bila kitu chochote kuibwa na bila mtu yeyote kuumizwa. Wengi wanaonaswa humo wamekosa jambo moja tu: hawana mlango wa kuufunga usiku.

Sheria hii imekuwapo muda mrefu kiasi kwamba wengi wetu tunaidhani ni sehemu ya mji, kama yale mawe ya Bismarck pale ufukweni. Lakini ina mwanzo wake, ina watu walioiandika, na ina sababu zao za kuiandika.

Waingereza ndio walioileta, na kwao ilikuwa na umri mkubwa. Mwaka 1349, baada ya tauni kuua watu wengi na vibarua kuwa adimu, watawala wa Uingereza waliweka amri ya kuwalazimisha wenye nguvu wafanye kazi kwa ujira wa zamani, na wakakataza kuwapa sadaka ombaomba wenye afya. Karibu karne tano baadaye, mwaka 1824, vita vya Napoleon vilipokwisha na barabara kujaa askari waliorudi bila kazi wala makazi, Bunge lao lilipitisha Sheria ya Uzururaji iliyofanya kuomba na kulala nje kuwa kosa la jinai. Makoloni yao mengi yalirithi roho ya sheria hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki ilifika kwa namna ambayo haijasimuliwa vya kutosha. Tarehe 6 Aprili 1897, Sultan Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, akishinikizwa na Waingereza, alitoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Tunaikumbuka siku hiyo kama siku ya uhuru, na ni haki kuikumbuka hivyo. Lakini ndani ya amri hiyo hiyo kuliwekwa sharti kwamba mtumwa atakayetambuliwa kuwa huru lazima aonyeshe kuwa ana makazi ya kudumu na njia ya kujikimu, la sivyo atatangazwa kuwa mzururaji. Wenye mashamba ya karafuu walihofia kupoteza vibarua, na serikali ikawasikiliza. Mtu alitoka mikononi mwa bwana wake na siku hiyo hiyo akatakiwa aeleze atalala wapi. Kwa maoni yangu, hakuna ushahidi mwingine unaoonyesha wazi kuliko huo kwamba sheria za uzururaji zilitungwa ili watu wasio na mali wabaki mahali wanapohitajika, kwa ujira waliopangiwa.

Mwanza wakati huo ilikuwa changa. Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi hapa mwaka 1892, na mji ukakua polepole kuzunguka boma, maduka ya Wahindi na gati. Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakukawia. Mwaka 1923 walitunga Sheria ya Watu Wasiojiweza, iliyompa hakimu uwezo wa kumhoji mtu asiye na kazi wala kipato, kumweka kizuizini na kumrudisha kwao. Mwaka 1930 ikaja Kanuni ya Adhabu, iliyochukua nafasi ya ile ya India iliyokuwa ikitumika, na humo ndimo vilimoingizwa vifungu vya uzembe na uzururaji. Sheria za mtindo huo huo ziliandikwa Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Ndiyo maana hukumu ya mahakama ya Blantyre au Kampala inatuhusu sisi moja kwa moja, kama nitakavyoeleza mbele.

Kati ya 1923 na 1930 reli ilifika Mwanza. Mwaka 1928 njia ya kutoka Tabora ilikamilika, na tangu hapo mji huu ukawa kituo cha mwisho cha treni na kituo cha kwanza cha meli. Pamba ya Usukuma ilishuka hapa. Vijana wa Kwimba, Geita, Maswa na Ukerewe walikuja kubeba marobota, kuchambua pamba viwandani, kupakua mizigo gatini. Kazi hizo ni za msimu. Pamba ikiisha kibarua kinakwisha, na kijana aliyeitwa na mji mwezi Julai anageuka mzururaji ifikapo Desemba. Serikali ya kikoloni ilimhitaji katika miezi ya mavuno na kumchukia katika miezi mingine.

Chuki hiyo iliandikwa waziwazi mwaka 1944, katikati ya vita. Chakula kilikuwa cha mgao, miji ilikuwa inajaa, na serikali ikatunga Sheria ya Kuwaondoa Mijini Wenyeji Wasiotakiwa. Iliwapa wakuu wa wilaya mamlaka ya kumwamuru Mwafrika asiye na ajira ya kudumu, au njia nyingine ya kujikimu waliyoiona kuwa ya heshima, aondoke mjini. Misako mikubwa ilifanyika hasa Dar es Salaam, na mwanahistoria Andrew Burton ameieleza kwa kina katika kitabu chake African Underclass cha mwaka 2005: askari wakidai stakabadhi za kodi ya kichwa alfajiri, watu wakipakiwa na kurudishwa mikoani, na siku chache baadaye wengi wao wakirudi. Serikali ililijua jina la kuwaita, wahuni, na jina hilo likahama kutoka midomo ya wakoloni likabaki katika midomo yetu.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 ilitarajiwa sheria hizo zingezikwa. Hazikuzikwa, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa haki, kwa kuwa waliozitunza hawakuwa watu wabaya. Viongozi wa TANU waliamini kwa dhati kwamba utajiri wa nchi uko shambani na kwamba kijana anayekaa mjini bila kazi anamnyonya mkulima. Azimio la Arusha la 1967 lilitaka kila mtu aishi kwa jasho lake. Katika fikra hizo ombaomba alikuwa aibu ya ujamaa, ushahidi kwamba kuna mahali jamii imeshindwa, na njia fupi ya kuondoa aibu ilikuwa kumwondoa mwenyewe. Mwaka 1976 kukawa na operesheni ya kila mtu afanye kazi. Kabla yake, vijiji vya ujamaa vilikuwa vimehamisha mamilioni ya watu nchi nzima, Usukuma ikiwemo, na dola ikazoea kuona watu kama kitu kinachoweza kupakiwa kwenye lori na kushushwa kwingine.

Kilele kilikuwa mwaka 1983. Uchumi ulikuwa taabani, maduka hayana sabuni wala sukari, na Waziri Mkuu Edward Sokoine alikuwa ametoka kuwasaka wahujumu uchumi. Mwaka huo Bunge lilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi, namba 6 ya 1983. Kila mamlaka ya mtaa ilitakiwa kuandikisha wakazi wake wote wenye uwezo wa kufanya kazi, na asiye na kazi inayotambulika apelekwe kunakohitajika nguvu kazi, vijijini au mashambani. Wauza karanga, wang'arisha viatu na wachuuzi wadogo walijikuta wakihesabiwa pamoja na wazururaji, wakati wao ndio waliokuwa wakizilisha familia ambazo mshahara wa serikali haukuzitosha. Waliopelekwa walirudi, na wengi wao hawakukawia. Shirika la Kazi Duniani, kupitia kamati yake ya wataalamu, liliandika mara kwa mara kuwa sheria hiyo haipatani na mikataba ya kupinga kazi ya kulazimishwa ambayo Tanzania yenyewe iliridhia.

Jambo ambalo wenye umri wangu wanalikumbuka ni kwamba baada ya muda jina la nguvu kazi lilibadilika maana. Serikali ilipoona haiwezi kuwafukuza wachuuzi wote, iliwapa leseni, nayo ikaitwa leseni ya nguvu kazi. Kwa miaka mingi, hadi ilipofutwa mwaka 2003, mama aliyeuza dagaa aliweka karatasi hiyo kwenye pochi kama kinga. Mtu yule yule ambaye mwaka 1983 alipaswa kuondolewa mjini, sasa alikuwa mlipa ushuru halali. Kilichobadilika ni mtazamo wa serikali. Mama alikuwa yule yule na dagaa zake.

Mwanza ina jina lingine katika historia hii ambalo linastahili heshima. Mwaka 1984 Katiba yetu iliongezewa sura ya haki za binadamu, na ilipofika 1988 wananchi wakaruhusiwa kuzidai mahakamani. Mwaka huo huo, katika Mahakama Kuu hapa Mwanza, Jaji James Mwalusanya alisikiliza shauri la Chumchua Marwa dhidi ya mkuu wa gereza la Musoma. Mlalamikaji alikuwa ameshikiliwa kwa amri ya kumhamishia mkoa mwingine, chini ya sheria ya mwaka 1921 iliyompa mkuu wa nchi uwezo wa kumtoa mtu mahali pamoja na kumpeleka pengine bila kesi. Jaji Mwalusanya aliamua kuwa sheria hiyo inakwenda kinyume na Katiba. Ilitungwa na gavana, ikatumiwa na rais, na jaji mmoja katika jumba la mahakama la Mwanza akasema mtu hahamishwi kama mzigo. Miaka michache baadaye Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyokusanya maoni juu ya vyama vingi, ilitoa orodha ya sheria zipatazo 40 ilizoziita kandamizi. Sheria ya kuwaondoa watu mijini ilikuwamo. Ya Nguvu Kazi pia.

Vifungu vya 176 na 177 vilibaki. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1990 wakazaliwa wahanga wapya.

Ziwa lilikuwa limejaa sangara. Viwanda vya minofu vilijengwa ufukweni, ndege zikawa zinaondoka na samaki kwenda Ulaya, na mji ukafurika watu kuliko wakati wowote. Ukimwi, ulioonekana kwanza Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikuwa unaacha yatima pande zote za ziwa. Ada na michango ya shule ilikuwa imerudi. Watoto walianza kufika mjini kwa treni, kwa malori ya pamba, kwa mitumbwi, wengine kwa miguu. Walilala barazani ndani ya viroba, miguu imekunjwa hadi kidevuni, boksi la katoni chini yao. Alfajiri waliamka kabla mwenye duka hajaja na maji ya kumwagia baraza, wakakimbilia mwalo wa Kirumba kuokota dagaa zilizodondoka mitumbwini, kubeba ndoo za wachuuzi, kugombea mabaki ya mapanki. Gundi ya viatu ndiyo iliyokata baridi na njaa. Wenye mji waliwaita chokoraa.

Watoto hawa walikamatwa kwa sheria ile ile ya watu wazima. Misako ilifanywa hasa mji ulipokuwa unasubiri mgeni mkubwa au sherehe ya kitaifa, na mtoto wa miaka kumi na miwili aliweza kujikuta rumande na watu wa makosa ya kweli. Ni katika mazingira hayo kikaanzishwa kituo cha Kuleana, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990, na vijana wawili, Rakesh Rajani na Mustafa Kudrati. Kuleana ilitoa mahali pa kulala, chakula na matibabu, lakini mchango wake mkubwa ulikuwa hoja. Ilisisitiza kuwa mtoto wa mtaani ana haki, na kwamba swali la kuuliza ni nini kilichomtoa nyumbani: kipigo cha baba wa kambo, kifo cha mama, mwalimu aliyemrudisha kwa kukosa daftari. Hoja hiyo leo tunaiona ya kawaida. Wakati ule ilikuwa ngeni, na ilianzia hapa Mwanza kabla ya kusikika kwingi nchini. Rajani baadaye alianzisha HakiElimu, na wengi wanamjua kwa hilo, lakini mizizi ya kazi yake iko kwenye mabaraza ya mji huu.

Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa filamu ya Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza, iliyoonyesha biashara ya sangara na watoto wakivuta moshi wa vifungashio vya samaki. Ilifika hadi kushindania tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, na hapa Mwanza watu waliandamana kuipinga. Filamu ina kasoro zake, hasa madai ya silaha ambayo haikuyathibitisha, na waliokasirika walikuwa na sababu. Ninachosikitika ni kwamba mjadala wote ulihusu sura ya nchi. Watoto wa kwenye picha walikuwa watoto wa kweli, waliendelea kulala barazani wakati sisi tukibishana juu ya heshima ya taifa, na hasira ile haikuwajengea hata chumba kimoja.

Heshima hiyo ilikuja kuletwa na watoto wenyewe. Mwaka 2010, kwenye Kombe la Dunia la watoto wa mtaani lililofanyika Durban, Tanzania iliwakilishwa na vijana wa Mwanza, wakafika fainali na kufungwa bao moja na India. Mwaka 2014 mashindano yalipofanyika Rio de Janeiro, vijana wa Mwanza waliifunga Burundi mabao 3 kwa 1 na kurudi na kombe. Mabingwa wa dunia walitoka katika kundi ambalo Kanuni ya Adhabu inawaruhusu askari kulizoa usiku wa manane.

Kisheria, mambo yalikuwa yameshabadilika kwa upande mmoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamweka mtoto anayeomba, au anayetangatanga bila makazi, katika kundi la watoto wanaohitaji matunzo na ulinzi, na inaelekeza ustawi wa jamii wamshughulikie. Hivyo kwa sheria moja mtoto aliyekaa nje ya msikiti Ijumaa akinyoosha mkono ni wa kulindwa, na kwa sheria nyingine ni wa kukamatwa. Askari anayemkuta ndiye anayechagua. Mara nyingi uchaguzi wake unategemea kama kuna afisa ustawi wa jamii atakayepokea simu saa nane za usiku, na kama kuna kitanda cha kumlaza.

Kwa watu wazima hakuna hata uchaguzi huo. Wachuuzi wa Mwanza wanajua historia yao kwa tarehe. Mwaka 2006, Edward Lowassa akiwa Waziri Mkuu, amri ya kuwaondoa machinga katikati ya miji mikubwa iliwakuta na hapa, mgambo wakavunja vibanda. Walirudi. Desemba 2016 mji ulipoanza kuwaondoa tena, Rais John Magufuli aliingilia na kuamuru wasiguswe mpaka watengewe maeneo ya kufaa, na miaka iliyofuata wakapewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, ikatolewa amri ya kuwapanga upya, wakahamishwa kutoka barabarani kwenda kwenye masoko. Amri hiyo ilisisitiza busara, na kuna waliofaidika. Lakini tazama mfululizo wenyewe: mtu yule yule, kwenye lami ile ile, ametangazwa mhalifu, kisha mjasiriamali, kisha mtu wa kupangwa, kutegemea nani yuko Ikulu. Ombaomba, kipofu anayeongozwa na mjukuu wake, na bibi aliyekimbia kijijini kwa kusingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, hawajawahi kupata hata rais mmoja wa kuingilia kati kwa ajili yao.

Huyo bibi anastahili kusemewa zaidi. Mauaji ya vikongwe Usukuma ni doa letu sote, na baadhi ya walionusurika walikimbilia mjini, ambako hawana ndugu. Kwa wazee wasiojiweza kuna makazi ya serikali ya Bukumbi, Misungwi, ambako wameishi pia watu waliougua ukoma. Bukumbi ni ushahidi kwamba nchi hii imewahi kujibu umaskini kwa nyumba na chakula badala ya pingu. Makazi ya namna hiyo ni machache mno ukilinganisha na wanaoyahitaji, na hayajapewa uzito ambao operesheni hupewa.

Wakati huo nje ya mipaka yetu vifungu hivi vilikuwa vinaanguka kimoja kimoja. Kenya ilifuta Sheria yake ya Uzururaji mwaka 1997. Malawi, mchuuzi wa mifuko ya plastiki alikamatwa alfajiri mwaka 2016 akiwa njiani kwenda kuuza mali yake, akashtakiwa kwa kifungu kinachofanana kabisa na chetu cha 177. Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilitamka kuwa kifungu hicho kinavunja Katiba. Mwaka huo huo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilipitisha misingi ya kuondoa makosa madogo ya aina hii kwenye orodha ya jinai. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ilifuta vipengele vya wazururaji na wahuni katika sheria yao ya adhabu.

Uamuzi mkubwa kuliko yote ulitoka Arusha. Umoja wa Mawakili wa Afrika uliiuliza Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kama sheria za uzururaji zinapatana na Mkataba wa Afrika. Tarehe 4 Desemba 2020 majaji walijibu kwamba hazipatani. Walisema zinabagua maskini, zinavunja utu, zinamnyima mtu uhuru wake na uhuru wa kwenda atakako, na kwamba kumkamata mtu bila hati kwa sababu tu ya kuonekana mzururaji hakukubaliki. Zaidi ya hapo, walisema nchi zilizoridhia mkataba zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Ulikuwa ushauri wa kisheria na hauna nguvu ya hukumu inayotekelezwa kesho yake asubuhi. Lakini umetolewa na mahakama ambayo makao yake yako katika ardhi yetu, juu ya mkataba ambao sisi wenyewe tuliutia saini.

Dunia haiendi upande mmoja tu, na ni vizuri tuseme. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua kuwa mji mdogo wa Grants Pass, Oregon, unaweza kuwaadhibu watu wanaolala nje hata kama hawana pa kwenda. Uingereza, iliyotuletea sheria hii, imekwenda kinyume: mwaka 2022 Bunge lake lilipitisha kipengele cha kuifuta ile ya 1824, na mwaka 2025 serikali ikatangaza kuwa itakitekeleza. Wenye sheria wameamua kuiacha, sisi warithi bado tumeishikilia.

Najua wenye maduka wa mtaa wa Rwagasore na Barabara ya Nyerere wana malalamiko yao, na si ya uongo. Wanafungua asubuhi wakakuta uchafu mlangoni. Wateja wanasumbuliwa. Kuna vijana wanaokwapua simu. Kuna watu wazima wanaokodisha watoto na kuwakalisha juani wakusanye sadaka ya mtu mwingine. Haya yote ni kweli, na kila moja lina sheria yake. Wizi una kifungu. Shambulio lina kifungu. Anayemtumikisha mtoto kuomba anabanwa na Sheria ya Mtoto na ile ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2008, ambazo adhabu zake ni nzito. Tukivifuta vifungu vya uzururaji hakuna mwizi atakayepona. Watakaopona ni wale ambao hawakuiba.

Vilevile, msako haujawahi kufanya kazi hata kwa lengo lake wenyewe. Tangu 1923 tumekamata, tumepakia, tumerudisha kwao, na baada ya muda mfupi watu wakarudi. Wanarudi kwa sababu Mwanza ndiyo yenye gati, yenye mwalo, yenye soko, yenye watu wanaotoa sadaka Ijumaa na Jumapili. Anayemfukuza mtu Mei atamkuta tena Juni, amechoka zaidi, na safari hii ana rekodi ya jela itakayomzuia kupata kibarua.

Katiba yetu, ibara ya 11, inaitaka serikali iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ibara ya 17 inampa kila raia uhuru wa kwenda na kuishi popote ndani ya nchi. Ibara ya 25 inasema kazi ndiyo huzaa utajiri wa jamii na papo hapo inakataza kazi ya shuruti. Hakuna ibara inayosema asiye na nyumba apoteze haki hizo jua likizama.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wabunge wa Nyamagana na Ilemela, ambao wapiga kura wao wanaruka miguu ya watoto hawa kila asubuhi. Pelekeni Bungeni hoja ya kufuta vipengele vya kuomba na kuzurura katika vifungu vya 176 na 177. Na madiwani wa jiji, kabla ya operesheni ijayo, pigeni hesabu ya mafuta ya magari, posho za mgambo na chakula cha mahabusu, kisha muulize fedha hizo zingelipia vitanda vingapi na maafisa ustawi wa jamii wangapi wa zamu ya usiku. Wasomaji wa Mwanza, waulizeni hesabu hiyo kwa sauti kwenye mikutano yenu ya mtaa.